Nyuki wa Tanki Jekundu

Mama Libérata alipotangaza kwamba mwaka huu pikipiki yake itarudi barabarani, mume wake Nzabandora aliweka chini kikombe cha maziwa, akapangusa masharubu, akauliza:

"Juu ya kwenda wapi?"

"Juu ya kwenda tu, Muzee."

Nzabandora alimtazama. Walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha kwake kujua kwamba jibu fupi la mke wake ni mlango uliokwisha kutiwa komeo. Akachukua kikombe chake, akamalizia maziwa.

Libérata alikuwa amevuka miaka sitini. Siku hizi watu wa vilima vya Masisi walimjua kwa fromaji zake, zile jibini za duara zenye ganda la manjano alizotengeneza kwa maziwa ya ng'ombe wao. Wenye umri walimjua kwa jambo jingine. Katika ujana wake alikuwa akichanja watoto. Wakubwa wa chanjo walimpa pikipiki, Yamaha nyekundu yenye mstari mweupe ubavuni, na sanduku la barafu la kufunga nyuma, naye akapita nayo kwenye njia ambazo hata ng'ombe walizikanyaga kwa mashaka, kitenge kimekazwa magotini, kitambaa cha kichwa kikipepea. Kazi ile ilipofungwa, pikipiki wakamwachia.

Kisha vita vilikuja, vikaondoka, vikarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Pikipiki ni kitu kinachoibwa kwanza, kwa hiyo yeye na Nzabandora waliifungua kipande kwa kipande. Injini waliipaka grisi, wakaivika magunia, wakaizika chini ya migomba. Magurudumu yalipanda darini. Usukani ulikwenda kwa shemeji, ukaanikiwa nguo. Tanki lilizikwa nyuma ya zizi. Hivyo ndivyo pikipiki ilivyoishi miaka yote hiyo, kama familia iliyotawanyika, kila mmoja kwake.

Aliyeikusanya alikuwa Niyonsenga, mtoto wa kaka yake Libérata, fundi mwenye ndevu na tumbo la kuheshimika aliyetengeneza pikipiki za abiria pale Masisi mjini. Mwanzoni alikubali kwa kumridhisha shangazi yake. Injini ilipofunguliwa na kukutwa ndani bado inang'aa, akaanza kufunga kibanda chake mapema ili aje kuishughulikia. Ikafika siku pikipiki ikasimama uani kwa miguu yake, nzima, ila katikati palikuwa na pengo.

Tanki lilikuwa limeliwa na kutu. Niyonsenga aliliinua juani, na mwanga ukapenya kila upande kama kwenye chungio. Alijaribu kulichomelea, likazidi kutoboka.

"Tanti, hapa hakuna tena chuma," alisema. "Iko rangi tu, inakumbuka chuma."

Walijaribu tanki la pikipiki mpya za siku hizi. Lilikaa juu ya ile Yamaha kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha askofu. Walijaribu kidumu cha mafuta ya kupikia kilichofungwa kwenye usukani kwa mpira. Injini ikaitika, Libérata akapiga kelele za furaha, akaondoka, na kwenye shimo la kwanza mrija ukachomoka, esansi, yaani petroli, ikamlowesha kuanzia kifuani hadi viatuni. Siku ile Nzabandora alimkataza kukaribia jiko, akapika maharage mwenyewe, na maharage yakaungua.

Wakati wanayala maharage hayo bila kuyasifu, ndipo Falone alipoingia. Falone alikuwa mfanyabiashara, mwanamke mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyenunua fromaji za Libérata na kwenda kuziuza Mubi, kule msituni Walikale, ambako watu wa madini hula kitu chochote kinachotoka mahali penye baridi. Aliliona lile tanki bovu limeegemezwa ukutani, akalizunguka, akaugusa mstari wake mweupe kwa kidole.

"Mama Libérata, hii kitu niliiona mu muti."

"Mu muti?"

"Mu muti, kabisa. Iko inaninginia. Rangi njo hii, na hii mustari njo hii. Nyuma ya Mubi, kwa Papa mumoja wanamuitaka Zéphyrin. Lakini yake haina matundu." Falone akasita. "Ila iko na wenyewe ndani."

"Wenyewe gani?"

"Nyuki."

Nzabandora alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaona uso wa mke wake, akaacha.

"Utapanda pikipiki ya watu mpaka Walikale," akasema, "juu ya kuomba nyuki kipande ya pikipiki yako?"

"Njo vile, Muzee. Nisaidie kufunga fromaji."

Njia ilikuwa imetulia majuma yale, na kila mwenye safari aliharakisha kabla haijabadili nia. Libérata na Falone walipanda pikipiki mbili za abiria, fromaji zikiwa zimefungwa kwenye majani ya migomba. Walishuka kupitia Nyabiondo, wakaviacha vilima vya majani mafupi na ng'ombe waliosimama upande upande kana kwamba wamegundishwa pale. Hewa ikaanza kuwa nzito. Libérata alivua koti, kisha sweta, kisha kitambaa cha shingoni. Miti ikafunga juu. Mara kwa mara waliteremka, wakasukuma kwenye tope hadi magotini, na Libérata, badala ya kulalamika, akamwuliza dereva wake maswali: gia gani hutumia kwenye mteremko, kwa nini anakanyaga breki ya nyuma kwanza.

"Mama, unataka kuninyanganya kazi?" dereva akauliza.

"Kaka, mimi nataka tu kujua kama bado ninajua."

Walilala Mubi kwa Falone, katikati ya muziki wa maduka na malori yaliyopakwa matope hadi madirishani. Asubuhi wakakata njia ya miguu, wakavuka kijito juu ya gogo, wakatokea kwenye kijiji kidogo chenye kanisa la udongo na mpunga ulioanikwa mbele ya nyumba.

Nyuma ya kanisa palikuwa na mti wa avokado. Libérata aliliona tanki kabla ya kuonyeshwa. Lilining'inia kwenye tawi la chini kwa waya mnene, limeota ukungu upande mmoja, lakini upande wa pili bado lilikuwa jekundu, na mstari wake mweupe ulinyooka vilevile. Nyuki waliingia na kutoka kwa haraka zao. Alisimama mbali kidogo, mkono mdomoni. Moyo ulimpiga kama wa msichana aliyemwona mtu sokoni.

Papa Zéphyrin alikuwa mzee mrefu, mkulima na mwindaji, mwenye sauti ya chini hata watu walisogea ili wamsikie. Aliwapa viti, akasikiliza habari yote bila kuikatiza. Tanki lilikuwa la marehemu kaka yake aliyenunua kahawa zamani. Pikipiki ilipokufa, injini yake ilienda kukamua mawese, na Zéphyrin akalitundika tanki ili liwe kengele ya kanisa.

"Lakini ilikuwa inakohoa," alisema mke wake, Mama Epiphanie, aliyekuwa akigeuza mpunga kwa mguu. "Unapiga, inasema *kho*. Watu hawakuja. Tukatafuta rimu ya lori, sasa tunapiga ile. Hii tukaiacha, na nyuki wakaona iko bure."

"Papa, ninaiomba," Libérata akasema. "Uniambie tu unataka nini."

Zéphyrin alikuna shavu. "Mama, mimi sikaake mule ndani. Nyumba ya muntu, jirani hawezi kuiuza."

Libérata akafungua majani ya mgomba, akamkatia kipande cha fromaji. Mzee alikinusa, akakigeuza.

"Ni sabuni?"

"Ni ya kukula, Papa."

Alikula kidogo, akafumba macho, akameza kama mtu anayemeza dawa kwa heshima ya mganga. Mama Epiphanie naye akaonja, akatafuna sana, akasema, "Iko kama maziwa yenye kukasirika," na hapo wote wanne wakaangua kicheko. Lakini akakata kipande kingine. Kisha kingine.

Kicheko kile kilifanya kazi ambayo maombi hayakuifanya. Zéphyrin alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amebeba mzinga mpya begani, gogo lililochongwa likawa tupu ndani.

"Nilichonga hii kwa wengine," alisema. "Tutawaomba wahamie humu. Wakikubali kwa amani, chuma ni yako. Wakikataa, utarudi bila chuki."

"Bila chuki, Papa."

"Moto sitatumia, ni moshi kidogo tu. Wengine wanachoma. Mimi hapana."

Wakangoja jua lipungue, maana nyuki wa mchana wana kiburi. Zéphyrin alipaka nta ya zamani ndani ya gogo, ili linukie kama nyumba yenye watu. Kabla ya kugusa chochote, alimimina kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, kwenye shina la mti, akasema maneno machache kwa Kinyanga, halafu akafanya ishara ya msalaba. Falone akatabasamu pembeni. Mama Epiphanie akamwona.

"Mungu njo Mungu, mwanangu," akamwambia. "Lakini ukiingia mu msitu, unasalimiaka wenye walikutangulia. Ni adabu tu."

Zéphyrin akalisimamisha gogo juu ya tanki, mdomo kwa mdomo, pale mahali pa kujazia mafuta, akaziba pembeni kwa udongo na majani. Chini ya tanki, penye tundu dogo la kutolea esansi, akapuliza moshi wa maganda makavu. Ndani pakanguruma.

"Sasa tutapiga," akasema. "Nyuki wakisikia nyumba inatetemeka bila kuacha, wanapandaka juu. Lakini ikikatika, wanashuka tena, na hasira. Nani ana mikono?"

"Mimi," akasema Libérata.

Alifunga kitenge kichwani hadi yakabaki macho, akasogea, akaweka viganja vyake juu ya tanki. Chuma kilikuwa cha uvuguvugu, kinatetemeka. Akaanza kupiga, taratibu, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Nyuki mmoja akamdunga kwenye kope. Machozi yakamtoka, mikono haikusimama. Mwingine akamdunga kidoleni. Akaendelea.

Baada ya muda mabega yakaanza kumwaka. Mama Epiphanie aliona, akaja upande wa pili, akaingiza viganja vyake katikati ya mapigo bila kuyavunja, na sasa wakawa wawili. Mama Epiphanie ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lile, na mtu wa kwaya hawezi kupiga kitu bila kuimba. Akaanzisha wimbo wa matoleo. Jioni ile wanakwaya walikuwa wakija mazoezini. Walipofika nyuma ya kanisa na kumkuta kiongozi wao akipiga tanki la pikipiki pamoja na mgeni aliyevimba jicho, hawakuuliza. Waliitikia.

Ndipo wakawasikia. Mngurumo uliokuwa chini ya viganja vya Libérata ulianza kupanda. Kupitia ufa mdogo kwenye udongo waliwaona nyuki wakienda juu wakisukumana, mgongo juu ya mgongo, kama waumini wanaotoka misa ya Pasaka. Sauti ikapungua katika tanki, ikajaa katika gogo. Zéphyrin aliegemeza sikio lake kwenye mti wa mzinga, akanyoosha mkono: endeleeni, endeleeni. Kwaya ikapandisha. Falone, aliyekuwa amejifungia kanisani tangu mapigo yalipoanza, alifungua mlango, akajifunika kitenge kichwani, akatoka anacheza.

"Mama yao amepita," Zéphyrin akasema mwishoni, na safari hii hakusema kwa sauti ya chini. "Amepita! Iko juu!"

Libérata aliondoa mikono. Vigelegele vikapigwa. Mama Epiphanie alimkumbatia, wakayumba pamoja, asubuhi wasiojuana, sasa wanawake wawili wenye viganja vyekundu.

Kesho yake waliliteremsha tanki. Walikata masega kwa waya uliopindwa, wakaling'oa lile la mwisho kwa maji ya moto, asali na nta zikamiminika sufuriani. Kijiji kizima kilikuja na vidole. Zéphyrin akawasha taa ya simu, akachungulia tunduni, akampa Libérata achungulie pia. Ndani hapakuwa na kutu hata kidogo. Nyuki walikuwa wamelipaka nta kila pembe, kama mama anavyompaka mtoto mafuta.

"Miaka hii yote walikuwa wanakutunzia," akasema mzee.

Libérata alitaka kumwachia kitu. Mzee alikataa. Alikuwa amepata asali, alisema, na nyuki wake wamepata nyumba isiyochemka jua likiwaka. Nani katika jambo hili amepoteza? Mama Epiphanie ndiye aliyebaki na fromaji zote zilizosalia, akazificha ndani kabla mume wake hajasema lolote.

Libérata alirudi kwa pikipiki ya abiria, tanki mgongoni, limefungwa kwa kitenge kama mtoto. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliinua mkono, akamzunguka.

"Mama, mutoto yako iko na kichwa kubwa sana. Anaugua?"

"Hapana, kaka. Iko na afya. Anakunywaka tu esansi."

"Fungua tuone."

Akafungua. Nyuki mmoja aliyechelewa kuhama akatoka tunduni, akasimama hewani mbele ya pua ya askari, akimkagua. Kamba ya kizuizi ilishushwa kwa haraka ambayo dereva alisema hajawahi kuiona katika maisha yake.

Niyonsenga alilipokea tanki kwa mikono miwili. Lilikaa mahali pake bila kulazimishwa, boliti zikaingia. Akamimina esansi kidogo ya kujaribia, Libérata akakanyaga kiki. Injini ikaitika, ikakohoa, ikafa. Wakajaribu tena, ikafa. Nzabandora aliyekuwa amesimama mlangoni alifumba macho. Niyonsenga akafungua kabureta, akatoa utando wa manjano, akaulamba.

"Tamu," akasema. "Tanti, nyuki wako wameacha samani."

Ikabidi kulivua tanki, kulichemshia maji mara kadhaa, kulitikisa na kokoto, kulikausha juani. Majirani waliokuja kuangalia walileta viti. Na safari iliyofuata Libérata alipokanyaga kiki, ile Yamaha iliunguruma, sauti yake nyembamba, ya kukatakata, ambayo kilima hakikuwa kimeisikia muda mrefu. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage upande wa pili wa bonde wakanyoosha migongo. Moshi wa kwanza ulinukia kidogo kama mshumaa wa kanisani.

Libérata alikaza kitenge magotini. Jicho lake moja lilikuwa bado halijafunguka vizuri. Akamgeukia mume wake.

"Muzee, unapanda ao haupande?"

Nzabandora hakuwahi kupanda nyuma yake. Enzi zile pale nyuma palikuwa na sanduku la barafu, na yeye, kwa kweli, alilishukuru sanduku lile. Alitazama pikipiki, akatazama majirani kwenye viti vyao. Akavaa kofia yake, akaivuta hadi masikioni, akapanda.

Waliteremka. "Polepole!" akapiga kelele kwenye kona ya kwanza, amemkumbatia kiunoni kwa nguvu hata Libérata akashindwa kupumua. "Polepole, mama!" kwenye ya pili. Wakapita ng'ombe, wakapita watu waliobeba mbao kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, nao wakasimama wakapunga mikono. Mikono ya Libérata ilijua. Mguu wake ulitafuta gia kabla yeye hajafikiri, na alipogundua hivyo alianza kucheka peke yake, mdomo wazi, upepo ukiingia menoni.

Barabara ikanyooka. Kando yake majani yalikuwa yamelowa umande, na bonde lote lilikuwa wazi mbele yao. Akasubiri kelele nyingine kutoka nyuma. Badala yake akahisi ile mikono kiunoni inalegea kidogo, kisha kidevu cha mume wake kikatua begani kwake.

"Libérata," akamwambia sikioni. "Ongeza kidogo."

Akaongeza. Walikwenda mbali kuliko walivyokusudia, na kwa kuwa Niyonsenga alikuwa ametia esansi ya kujaribia tu, injini ikanyamaza katikati ya mpando, mahali pasipo na nyumba. Hawakukasirika. Waliegesha pikipiki, wakanunua mahindi ya kuchoma kwa mama aliyekuwa akipita, wakakaa kwenye majani bega kwa bega. Dereva wa pikipiki ya abiria alisimama, akawaahidi kuwaletea chupa ya esansi, akajitolea pia kuirudisha ile Yamaha mwenyewe ili wazee wasichoke.

"Aksanti, mwanangu," Nzabandora akamjibu, mdomo umejaa mahindi. "Leta tu esansi. Dereva wangu iko hapa."